Nani Alifunga Mfereji?

Vijana wa ofisi yangu ya zamani wameniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Wamekosea mtu. Moyo nilikuwa nao nilipoanza kazi na haukunisaidia kwa lolote. Kilichonisaidia ni viatu vya mpira, tochi, na daftari la karatasi lisilohitaji chaji. Lakini kwa kuwa mmeomba, na kwa kuwa siku hizi kazi yangu ni kufuga kuku watano hapa Thika na kubishana na jirani juu ya ua, nitaandika. Mkitaka utamu, nunueni mandazi.

Mimi ni Nyokabi. Kwa miaka mingi nilikuwa mkadiriaji wa hasara, yaani yule mtu anayetumwa na kampuni ya bima nyumbani kwako ukidai kulipwa, aangalie kama ulichosema ndicho kilichotokea. Watu walituita asesa. Walituita na majina mengine pia, ila hayo sitayaandika. Eneo langu lilikuwa Thika na Ruiru, na mimi nilipewa maji. Moto na wizi walipewa wanaume, wakajiona wakubwa. Mimi nikapewa dari zilizoanguka, makapeti yanayonuka, na nyumba zisizo na watu.

Mwezi jana nilimwona mmoja wenu akifanya hii kazi. Alisimama nje ya geti la nyumba fulani huko Juja, akapiga simu, mwenye nyumba akamtumia picha nane za dari, na yeye akasema, "Poa, nimeziona, ntakusort na ripoti leo." Aliona nini? Picha haina harufu. Picha haikuonyeshi upande wa chini wa kochi. Nilimuuliza mbona haingii ndani. Akaniambia, "Madam, siku hizi ni remote. Inasave time." Time gani, mwanangu, na ulikuwa umeshafika getini?

Kochi nalitaja kwa sababu ninalikumbuka moja. Bwana mmoja wa Kamakis alikuwa na nyumba mpya aliyokuwa hajaipangisha, na alidai bomba lilipasuka, maji yakajaa sebuleni yakaharibu viti vyote. Viti vilikuwa vimelowa kweli, ukiviminya vinatoa maji. Nikamwomba anisaidie kupindua kimoja. Kwa chini kilikuwa kikavu, na bado kilikuwa na vumbi la karakana. Maji yanayojaa chumbani huanzia miguuni mwa kiti yakapanda. Ya huyu bwana yalianzia juu, kwa ndoo. Nikamuuliza, "Mafuriko yako ilitoka mbinguni?" Alisema atampigia wakili. Mpaka leo wakili huyo hajanipata.

Sasa niwaeleze jambo la nyumba tupu, maana nusu yenu mmelikariri bila kulielewa. Bima ya nyumba hulipa maji yakipasua bomba, au yakifurika kutoka kwenye tangi ama mfereji. Lakini kuna kifungu kinachosema nyumba ikiachwa siku thelathini mfululizo bila mtu kuishi ndani, upande huo wa bima unasimama mpaka mtu arudi. Sababu yake haina uchawi. Mtu akiwepo, atasikia maji na atayafunga. Nyumba ikiwa tupu, maji yatamwagika mpaka jirani ayaone yakitoka chini ya mlango, na kufikia hapo hakuna cha kuokoa. Kifungu hiki si ukatili wa kampuni. Ukatili wa kampuni uko pengine, nitaufikia.

Na wenye nyumba nao, jameni! Mtu anajenga Ruiru nyumba ya vyumba vitano, anaweka mapazia, anaacha taa ya barazani ikiwaka ili wezi wadhani kuna watu, halafu anaenda zake mwaka mzima. Taa inawaka saa sita mchana. Mwizi yeyote aliyemaliza darasa la tatu anajua kwamba nyumba yenye taa mchana haina mwenyewe. Ukimuuliza kama alifunga maji pale getini yanapoingilia kabla ya kwenda, anakuangalia kama umemtukana mama yake.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, mtu wa Bungoma aliyekuja Thika kufanya kazi ya ufundi wa mabomba kabla ya kuingia bima. Alikuwa na magoti mabovu kwa kupiga magoti chini ya sinki za watu, na hakuheshimu mtu yeyote ambaye hajawahi kulowa suruali kazini. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya visigino. Alinipeleka moja kwa moja kwenye shimo la choo lililofurika, akasema, "Shuka uangalie." Nilishuka. Kesho yake nilinunua viatu vya mpira.

Mzee Barasa alinifundisha kitu kimoja ambacho ninawapa bure, na ni watu wa mji wa maji ya mgao tu wanaoweza kukielewa. Maji yetu yanakuja siku fulani na kupotea siku fulani. Mtu akiamka maji hayapo, anafungua mfereji, unatoa upepo, pffff, anasubiri kidogo, anakata tamaa, anaenda kazini. Ameufunga? Hajaufunga. Mfereji usiotoa maji, mkononi mwa mtu wa hapa, ni kama umefungwa. Kisha saa nne maji yanarudi, na hakuna mtu nyumbani. Nimekagua mafuriko mengi, na nawaambia bomba lililopasuka ni nadra. Mara nyingi ni binadamu aliyepinda mkono kushoto akasahau kuupinda kulia.

Tena binadamu huyo hutamsikia akikiri. Kabla asesa hajafika, mfereji utakuwa umefungwa, sakafu imepigwa deki, na kila mtu atasema ni bomba. Kwa hivyo Mzee Barasa alisema usiulize ni nani aliufungua mfereji, maana utajibiwa ni shetani. Uliza ni nani aliufunga. Aliyeufunga ni shujaa, alikimbia, alilowa, anataka kusifiwa. Atakueleza saa, atakueleza maji yalikuwa yamefika wapi, na atakuonyesha mfereji wenyewe. Ukishampata aliyefunga, aliyefungua hayuko mbali.

Niliuliza swali hilo kwa miaka mingi. Siku moja sikuliuliza, na hiyo ndiyo nataka muisikie, kwa sababu najua mnanicheka mkiwa kwenye grupu yenu kwamba yule mama alijiona hakosei.

Mwalimu Muthoni alikuwa amestaafu. Yeye na marehemu mumewe walijenga nyumba ya ghorofa moja huko Gatongora, na akabaki nayo peke yake. Mama yake mzazi, aliyekuwa Murang'a, akaanguka akavunjika nyonga. Mwalimu akafunga nyumba akaenda kumuuguza, akakaa huko karibu miezi mitatu. Nia yake ilikuwa kumleta mama Gatongora akipata nguvu ya kusafiri. Alikuwa ameshamwandalia chumba cha chini: kitanda kipya, vyuma vya kushikilia bafuni, na mteremko wa saruji mlangoni ili kiti cha magurudumu kipite. Kule Murang'a choo kiko nje, ng'ambo ya shamba la migomba.

Mafuriko yakaja kabla ya mama. Maji yalitoka bafuni juu, yakaingia sakafuni, yakaangusha dari yote ya jipsam ya chumba cha chini. Nilifika siku ya tatu. Jipsam ilikuwa imelala sakafuni kama ugali uliomwagika, mbao za sakafu zimejikunja, na kile kitanda kipya bado kilikuwa na plastiki yake ya dukani, imeshika maji katikati. Mwalimu, aliyerudi mbio kutoka Murang'a, alikuwa akifagia. Kando yake alisimama Ken, wakala aliyemuuzia bima, kijana mwenye ofisi Kamakis juu ya buchari, suti ya bluu, viatu vyenye ncha. Nilipomuona nilijua siku yangu imeharibika.

"Mwalimu, nani anakaa hapa ukiwa haupo?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna mtu, Madam. Nilifunga nikaenda kwa mama."

Alisema hayo akiangalia ufagio. Ken akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu zuri. Niliwaona wote wawili, na sikujiuliza chochote. Nilipanda juu, nikapiga picha bafu. Sinki lilikuwa limezibwa tundu kwa kitambaa, na maji machafu kidogo yalikuwa yamebaki ndani. Niliandika hivyo daftarini: sinki limezibwa kwa kitambaa. Mfereji ulikuwa umefungwa. Niliandika hilo pia. Nilikuwa na nyumba nyingine tatu za kukagua siku hiyo, na nilikuwa na njaa.

Nikatoka nikamuuliza jirani, Mama Shiro, aliyekuwa akianika nguo. Akanijibu bila kugeuka, "Hapo? Hapo hakuna mtu anakaa. Ni kulala tu analala."

Mzee Barasa alinizoesha kuandika maneno ya mtu jinsi alivyoyasema, na niliyaandika yote mawili, anakaa na analala. Lakini ripoti zetu zilikuwa za Kiingereza. Nilipofika ofisini Thika, nikaandika kwa Kiingereza kwamba jirani amethibitisha hakuna anayeishi katika nyumba hii. Sentensi ya pili sikuitafsiri. Msinitafutie kisingizio cha uchovu. Nilikuwa nimeshapata nilichohitaji ili faili lifungwe, basi. Nikamalizia kwamba mwenye nyumba aliondoka akiacha mfereji wazi wakati maji hayapo, na yaliporudi yakafurika. Nyumba tupu zaidi ya siku thelathini. Haifai kulipwa. Sahihi yangu, nzuri, yenye mkia mrefu.

Meneja aliipitisha kabla chai yake haijapoa. Barua ya kukataa ikatoka wiki hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata nilimtembelea Mzee Barasa. Alikuwa amestaafu, anaishi Ruiru na binti yake, magoti yamemshinda kabisa. Nilimpelekea ndizi na nikamsimulia kesi ya Gatongora. Sikutaja jina la mwenye nyumba, lakini nilijisifu. Kurasa mbili tu, Mzee, na kila kitu kimo.

Alimenya ndizi polepole. "Nani alifunga mfereji?"

Nikachukua ndizi nami nikaanza kumenya.

"Hukuuliza."

"Mzee, nilipata imefungwa."

"Najua ulipata imefungwa. Ilijifunga?"

Nikasema pengine ni jirani. Akasema pengine si jibu. Kisha akauliza, "Huyo mama alienda kitambo gani?"

"Miezi tatu hivi."

"Na huko maji inakuja siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Sasa, Nyokabi, tangu aende hiyo maji imekuja zaidi ya mara ishirini. Kama aliacha wazi akienda, ingemwagika Jumanne ya kwanza. Hizo siku zingine zote ilikuwa inaogopa nani?"

Hesabu ya mtoto wa nasari ilinishinda, mimi mwenye muhuri. Nikajikuta nimetaja kitambaa, sijui kwa nini, pengine nilitaka kubadilisha mada. Mzee Barasa alicheka mpaka binti yake akaja kuangalia kama yuko sawa. "Haki ya Mungu! Nyumba tupu imejiziba sinki!"

Mnajua mnavyofanya mfereji unapodondosha matone asubuhi ya shida. Mnaziba sinki kwa kitambaa ili hata hayo machache yakusanyike, mpate ya kunawa uso. Mtu aliyekuwa Murang'a hawezi kunawa uso Gatongora. Wiki ile ile ya mafuriko mtu alikuwa ameamka katika nyumba ile, akataka kunawa. Nilienda nyumbani nimevimba kwa hasira, nikafungua daftari, na pale pale, kwa mwandiko wangu, palikuwa na neno analala.

Kesho yake nilikuwa Gatongora mapema. Mama Shiro alikuwa akifungua kiduka chake.

"Mama Shiro, ile siku ya maji, nani alifunga mfereji?"

"Si ni Githinji!" Uso ukamng'aa. "Alirudi jioni akapata maji imefika hapa kwa geti. Alipiga nduru, Ngai, mpaka Baba Shiro akatoka na taulo. Alipanda hizo ngazi mbio, kidogo avunje shingo."

"Githinji ni nani?"

"Ndugu ya Mwalimu. Si huyo nilikuambia analala?"

"Uliniambia hakuna mtu anakaa."

"Ee, hakai." Aliniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Madam, kukaa ni kama uko na bibi, uko na jiko, watu wanajua hapo ni kwako. Huyo anaingia jioni, asubuhi ashatoka. Miezi mbili. Hiyo ni kukaa?"

Kwake hapana. Wala kwangu, tukizungumza kama watu. Hata mimi nimewahi kusema sikai kwa dada yangu, ninalala tu. Lakini bima haiulizi jiko wala bibi. Mtu akilala nyumbani usiku baada ya usiku, nyumba ina mtu, na siku thelathini hazihesabiwi. Mwalimu Muthoni alistahili kulipwa tangu mwanzo. Kilichomnyima ni uongo wake mwenyewe, na uvivu wangu wa kutafsiri sentensi moja fupi.

Nilimpata akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya kile chumba. Nikamwambia najua habari za Githinji.

Hakushangaa, alichoka tu. "Ken aliniambia nisimtaje. Alisema nikisema kuna mtu, kampuni itasema nimepangisha na sikuwaambia, na bima yote inakufa."

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya Ken. Mtu anauza bima miaka sita na hajasoma ukurasa wa nne wa karatasi anayoiuza. Anamshauri mteja adanganye, na uongo wenyewe anaomchagulia ndio unaomnyonga. Angemwacha Mwalimu aseme ukweli wake wa kawaida, ndugu yangu analala hapa, angelipwa. Ken siku hizi ana ofisi mbili. Wengine wenu mnakunywa naye.

"Mwalimu," nikasema, "Ken ni mjinga. Ndugu kulala kwako si kupangisha. Githinji akiandika tu kwamba alikuwa analala hapa, hii kesi inafunguliwa."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Githinji jina lake halitaingia kwa hiyo karatasi." Ndipo akanieleza. Githinji alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja Thika kwa miaka mingi, kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Miezi ikapita bila kazi, mke wake huko Juja akachoka akamtolea nguo nje. Hakumwambia mtu isipokuwa dada yake. Wengine wote, kanisani, kwa ukoo, waliambiwa amepata kazi Naivasha. "Kila asubuhi mama anamwombea na hiyo kazi yake ya Naivasha. Anaomba Mungu amlinde na baridi ya huko. Unataka asomewe kwamba mtoto wake analala kwangu kama mwizi, na ndiye amemwaga maji kwa kitanda chake?"

"Hakuna atakayemsomea mama yako faili la bima."

"Madam, hii ni Gatongora. Ken anakunywa na mzee wa kanisa."

Hapo alikuwa amesema kweli.

"Bila yeye hawalipi," nikasema.

"Basi wasilipe. Mama atabaki Murang'a. Mvua ikinyesha nitakuwa namshika hivi," akanyoosha mkono kama anamkumbatia mtu kiunoni, "tunaenda choo pole pole na mwavuli. Si tumekuwa tukienda?" Akaushusha mkono. Niliona anataka kulia na hataki nimwone, basi nikaenda kukagua dari ambayo nilikuwa nimeshaikagua.

Nilirudi ofisini kuongea na meneja. Na huu sasa ndio ule ukatili niliosema nitaufikia.

"Madam Nyokabi, file imefungwa," akasema. "Ripoti ni yako, sahihi ni yako."

"Najua sahihi yangu. Ndiyo nimekuja kuifuta."

"Ukifuta hii, nani ataamini hizo zingine?"

"Basi wasiamini. Hii nimekosea."

Aliegemea kiti. "Niletee huyo jamaa, aandike mwenyewe, aweke sahihi mbele yako. Ijumaa jioni ndio mwisho. La sivyo tuwachane na hii story."

Angalieni vizuri. Nilipoandika usilipe, neno la jirani mmoja akianika nguo lilitosha. Nilipotaka kuandika lipa, ikahitajika mtu mzima aje na miguu yake ajivue nguo mbele yetu. Miaka yote ya kazi sijaona kampuni iliyotilia shaka ripoti inayoipendeza. Mtakuta hivyo hivyo. Mtu akikusifu ofisini kwa ripoti safi, nenda ukaisome tena.

Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Mwalimu hakupokea simu zangu. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia maneno ya kujifariji, kwamba mimi nimefanya yangu, kwamba ni uamuzi wa familia, ule upuuzi wote mnaouandikiana mkishindwa. Nilikuwa najidanganya. Nilijua chumba kile kiliwekwa vyuma vya bafuni kwa ajili ya nani.

Niseme mapema ili msikae mkihema: kampuni ililipa. Ilinung'unika, ilituma asesa mwingine kunihakiki, lakini ililipa. Dari ikarudishwa, na mama akaletwa kutoka Murang'a akiwa ameketi kiti cha mbele cha gari la kukodi, akilalamika kwamba Ruiru kuna vumbi. Nilipelekewa habari hiyo na Mama Shiro, ambaye mdomo wake, mbarikiwe msio na jirani kama yeye, ndio uliomfikishia Githinji mambo yote ambayo dada yake alikuwa anamficha.

Githinji mwenyewe alikuja Ijumaa alasiri. Mtu wa makamo, mrefu, koti la suti lililopigwa pasi kwa makini na kola iliyoisha. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia akae.

"Nimesikia kuna karatasi," akasema. "Dada yangu hajui nimekuja."

Nikamtolea fomu ya Kiingereza, halafu nikairudisha kwenye droo. Nikampa karatasi tupu na kalamu. Nikamwambia aandike kwa Kiswahili, kwa maneno yake, na mimi sitabadilisha hata moja. Aandike alifika lini, alilala chumba gani, na asubuhi ile ilikuwaje na mfereji.

Aliandika bila kusita sehemu ya mfereji. Mimi nilidhani hapo ndipo angekwama. Aliandika kwamba alifungua yeye, aliziba sinki yeye, alisahau yeye. Nimepokea maelezo ya watu wengi na sijaona mwingine aliyejitaja mara tatu bila kumtaja shetani. Kisha akarudi juu ya karatasi, mahali nilipomwambia aeleze yeye ni nani katika nyumba ile. Akaandika mgeni. Akakata. Akaandika mlinzi, akakata hiyo pia, akakata na wino mwingi mpaka karatasi ikataka kutoboka.

"Madam, mtu akilala mahali miezi mbili, anaitwa nani?"

"Kwa hii kazi yetu," nikasema, "anaitwa mkazi."

"Mkazi. Hata kama hana kitu hapo?"

"Hata kama hana kijiko."

Aliandika mkazi wa Gatongora, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa shule, akaweka sahihi. Nikaweka yangu. Nikachukua karatasi niipeleke kwa meneja kabla hajatoka, lakini Githinji hakuinuka. Nikamuuliza kama kuna lingine.

Akasema, "Hapana. Ni vile tu, hiyo imeandikwa mkazi, inaweza kutolewa kopi?"

Nikamtolea mbili.